Nani Aliuza Jina la Kundi? Kisa cha Wanablogu wa Kisumu

Kuhusu kisa hiki

Majina yote yameondolewa. Kazi za watu wawili nimezibadilisha, na viwango vya pesa si vile vilivyokuwa kwenye makubaliano, ingawa uwiano wake ni ule ule. Mimi sikuwa mwanachama wa kundi hili la wanablogu. Niliitwa kuketi kati ya pande mbili mambo yalipokuwa yamekwenda mrama, nikaruhusiwa kusoma mazungumzo ya kundi la WhatsApp ya miezi ile. Wahusika wakuu wameisoma taarifa hii kabla haijatoka. Mmoja wao haafikiani nayo, na pingamizi lake nimelitia mahali pake.

Usuli

Kundi lilianza mwaka 2015 na watu wanne waliokuwa wakiandika kila mmoja kivyake, wakaja kugundua kwamba wamekuwa wakisomana kitambo bila kujuana sura. Kufikia mwisho wa 2021 kundi la WhatsApp lilikuwa na watu thelathini hivi. Waliokuwa wakifika kwenye kikao cha Jumamosi ya mwisho wa mwezi hawakuzidi kumi na wawili. Hakukuwa na katiba, ada wala usajili. Mwenyekiti alikuwapo, jakom kama anavyoitwa kila mwenyekiti Kisumu, lakini kazi yake hasa ilikuwa kuwakumbusha watu tarehe na kutafuta mkahawa usiowafukuza watu waliokunywa chai moja kwa saa tatu.

Kanuni ilikuwa moja tu: usije kikaoni kabla ya kusoma makala mbili za wenzako na kuwa na la kusema juu yake. "Kazi safi" haikuhesabika kuwa la kusema. Ilibidi utaje sentensi, picha au aya.

Mtu wa nje anaweza kuiona hiyo kuwa kanuni ndogo. Lakini fikiria mwalimu wa Ahero anayeandika juu ya mpunga na mafuriko ya mto Nyando, ambaye makala yake husomwa na watu arobaini, thelathini kati yao jamaa zake. Anaingia kikaoni akute mwendesha bodaboda wa Kondele ameikariri aya yake ya tatu na anataka kujua kwa nini ameruka habari ya daraja. Mwalimu huyo aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha insha, hakuna aliyewahi kumsoma yeye namna hiyo. Mafuriko ya 2020 yalipokuja, aliweka orodha ya shule za eneo lake zilizokuwa na madarasa makavu, akawa anairekebisha kila jioni. Wenzake waliisambaza, na familia kadhaa zilipata pa kulala kwa sababu yake.

Kulikuwa na kijana muongoza wageni katika msitu wa Kakamega aliyeandika juu ya ndege, hasa yule shorobo mkubwa wa buluu ambaye watu husafiri mbali kuja kumwona. Kulikuwa na mwanamke aliyeandika mapishi: aliya (nyama iliyokaushwa), omena, osuga (mnavu), kuon (ugali) ya wimbi. Makala yake moja juu ya mama wanaokaanga samaki ilisomwa na mtu aliyeko ughaibuni akamtambua nyanyake kwenye picha. Waliandikiana hadharani hapo hapo chini ya makala, na kundi zima likafuatilia kama mchezo wa redio.

Karaha hazikukosekana. Stima ikipotea, makala ya wiki inalala. Bando huisha picha ikiwa imepanda nusu. Tovuti moja kubwa ya Nairobi ilichukua makala ya ndege neno kwa neno, na mwandishi wake alipoandika kulalamika akajibiwa kwamba "wamempa umaarufu". Na kulikuwa na lile donda la siku zote, kwamba habari za blogu Kenya zikisimuliwa ni za Nairobi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wanablogu ndio waliokuwa mstari wa mbele kujenga tovuti ya Ushahidi, Januari 2008, ili watu waripoti vurugu kwa simu, na Kisumu ilikuwa mojawapo ya miji iliyoumia zaidi. Nyaya za baharini zilifika Mombasa 2009, intaneti ikaanza kushuka bei. Chama cha wanablogu, BAKE, kikaundwa 2011, na tuzo zake zikaanza mwaka uliofuata. Watu wa kundi hili waliyatazama yote hayo kutoka mbali. Kiu hiyo ya kutambuliwa ikumbukwe, maana ndiyo iliyofungua mlango.

Jambo la mwisho la usuli, na mimi nalihesabu zito kuliko yote. Kundi lilikuwa na ukurasa wa pamoja wenye jina lake, ambapo makala bora ya kila mwezi iliwekwa. Anwani ya ukurasa huo ililipiwa kila mwaka na yule mwandishi wa mapishi, kutoka mfukoni mwake. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema.

Mambo yalivyokwenda

Miezi michache ya kwanza ya 2022 Kisumu ilikuwa kwenye pilikapilika. Mkutano wa miji ya Afrika, Africities, ulikuwa unakuja Mei, barabara zinapakwa rangi, hoteli zinaongeza vyumba. Wakala mmoja wa matangazo kutoka Nairobi alimpigia jakom simu. Alikuwa na mteja, hoteli ya ufuoni, na alitaka "wanablogu wa Kisumu" waandike juu yake kwa wiki sita. Malipo yalikuwa shilingi 120,000, nusu mwanzoni na nusu mwishoni. Masharti yalikuwa mawili: makala ziwe nzuri tu, na zisionyeshwe kuwa ni tangazo.

Jakom alikubali siku hiyo hiyo. Alichagua watu sita, akiwemo yeye na yule mwandishi wa mapishi, kwa kigezo cha wafuasi wengi. Hakutangaza kundini. Nilipomuuliza kwa nini, alisema alitaka kwanza aone kama pesa zitaingia kweli, asije akawaahidi watu thelathini hewa. Jibu hilo nalikubali. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi na mawakala wa matangazo anajua kwamba ahadi zao hazipeleki mtoto shule.

Walioachwa walijua kwa picha. Mmoja wa wale sita aliweka kwenye stetasi yake sahani ya samaki ngege mzima, ukanda wa karatasi wa hoteli mkononi, na nyuma yake wenzake watano wanacheka. Ndani ya saa moja kundi zima lilikuwa limeiona, na hakuna aliyesema neno. Nimesoma mazungumzo ya siku ile: kuna mtu aliuliza bei ya sementi, mwingine akatuma maombi ya asubuhi.

Wiki ya tatu mwendesha bodaboda, ambaye hakuwa miongoni mwa sita, aliandika makala yake ya kawaida juu ya ufuo. Alisema mama wauza samaki wamesukumwa kutoka mahali walipokuwa wakiuzia, na kwamba hoteli ile inamwaga majitaka ziwani. Aliweka picha ya mfereji mweusi unaoingia kwenye magugumaji. Makala ilichaguliwa na wasomaji watatu wa zamu kuwa bora ya mwezi na ikapandishwa kwenye ukurasa wa pamoja, chini ya jina lile lile ambalo wakala alikuwa amelilipia.

Wakala alimpigia jakom. Jakom akaandika kundini: "Ndugu yangu, tafadhali punguza makali kidogo hapo kwa hoteli. Kuna watu wanakula kupitia hii kitu." Skrinishoti ya ujumbe huo ilikuwa kwenye Facebook kabla ya jioni. Aliyeivujisha hajajulikana mpaka leo, na sikuona faida ya kumtafuta.

Kisha ikaja barua ya wakili wa hoteli, ikimtaka mwandishi aondoe makala na kuomba radhi kwa siku saba. Ilitaja kashfa, na ikataja pia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Hapo hofu iliingia kweli. BAKE ilikuwa imeipinga sheria hiyo kortini, na Mei 2018 Mahakama Kuu ikasimamisha vifungu 26. Lakini Februari 2020 kesi ilitupiliwa mbali na vifungu vikarudi, kikiwemo kile cha kuchapisha habari za uongo chenye adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 10. Mtu anayeweka akiba ya mafuta ya pikipiki kwenye kibuyu cha plastiki akisoma "milioni 5" hasomi sentensi inayofuata.

Watu wanane walijiondoa kundini usiku ule.

Maamuzi, na sababu zake

Nilipoitwa, upande mmoja ulitaka makala ifutwe na mambo yaishe. Upande wa pili ulitaka jakom afukuzwe. Nilipendekeza hatua moja kabla ya hizo zote: twende ufuoni na makala mkononi, tusome sentensi moja moja pale pale. Wakili wa kujitolea aliyetusaidia aliunga mkono kwa sababu ya kisheria. Kashfa kama kosa la jinai ilifutwa na Mahakama Kuu Februari 2017, lakini kashfa ya madai ipo, na ukweli ndio kinga yake ya kwanza. Kile kifungu cha 2018 nacho kilimlenga anayejua kwamba anachochapisha ni uongo. Kwa hiyo swali lilikuwa dogo: ni kweli au si kweli?

Walienda watatu pamoja na mwandishi: mwalimu, muongoza wageni na mwandishi wa mapishi. Huyu wa mwisho alikuwa amekula pesa ya hoteli, na kuwepo kwake kulipingwa. Nilisisitiza aende. Ndiye aliyewajua mama wauza samaki kwa majina.

Kuhusu mama hao, makala ilikuwa sahihi. Wanne walithibitisha kwamba waliambiwa wahame, wakaonyesha mahali palipokuwa na majiko yao, mawe yakiwa bado na masizi. Kuhusu mfereji, mambo yalikuwa mengine. Kutoka ufuoni, picha ilionyesha maji meusi yakitokea chini ya ukuta wa hoteli, na mtu yeyote angesema hivyo. Mwalimu akavua viatu, akakunja suruali, akapanda na mfereji kuelekea barabarani. Upande wa pili wa ukuta mfereji unaendelea. Unapita nyuma ya hoteli tu, ukitokea mitaa ya juu, na njiani unapokea maji ya waosha magari yenye sabuni na oili. Kulikuwa na bomba moja lililotokeza ukutani kwa hoteli, kavu, limeota ukungu uliokauka. Mwalimu aliligusa ndani kwa kidole akaonyesha wenzake vumbi. Hilo halikuthibitisha kwamba hoteli haijawahi kumwaga chochote, lakini lilitosha kuonyesha kwamba mwandishi hakuwa na ushahidi kwamba imemwaga.

Mkaazi wa Kisumu hashangai. Auji, Wigwa na Kisat, vijito vya mji wenyewe, vyote hupeleka kwenye Ghuba ya Winam kile ambacho mitaa imekitupa. Ukisimama ufuoni, aliye karibu na maji ndiye anayebeba lawama.

Uamuzi ukawa hivi. Makala isiondolewe. Sentensi mbili za majitaka zirekebishwe, na masahihisho yawekwe juu kabisa, yenye tarehe, yakieleza kilichoandikwa mwanzo na kilichoonekana baadaye. Habari ya mama wauza samaki ibaki kama ilivyo. Mwandishi alikataa siku mbili. Alihofia kwamba kurekebisha sentensi moja kutasomeka kama kukiri makala nzima ni uongo. Mwalimu ndiye aliyemgeuza, kwa kumwambia, "Omera, wewe ndiye uliyenibana kwa habari ya daraja. Leo ni zamu yako."

Uamuzi wa pili ulihusu pesa, na ulichukua vikao vitatu vya kelele. Hatimaye walitenganisha. Wanaotaka kazi za matangazo wafanye kwa majina yao wenyewe, watoe ankara zao, na kila tangazo liandikwe wazi kwamba limelipiwa. Jina la kundi na ukurasa wa pamoja visiguswe na pesa ya mtu wa nje. Jakom aliachia kiti kwa hiari, na kikao kikawa kinaongozwa kwa zamu.

Matokeo

Wakili wa hoteli hakuandika tena. Kesi ya kashfa Kenya hufunguliwa ndani ya miezi 12, na muda huo ulipita kimya. Wakala alikatiza mkataba na kuzuia nusu ya pili ya malipo, wale sita wakabaki na elfu kumi kila mmoja kwa kazi ya wiki tatu. Watatu kati ya wanane waliojiondoa walirudi.

Kundi la matangazo lilijaribu kusimama lenyewe. Lilipata kazi mbili, kisha kila mtu akatambua kwamba mteja humtaka mtu wala si kundi, wakasambaa. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipoleta kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa kipato cha maudhui ya kidijitali, mmoja wao alinipigia simu akicheka: "Angalau sasa serikali inatutambua."

Mwandishi wa mapishi hakurudi. Mwisho wa 2022 alituma ujumbe mmoja kundini, ukiwa na risiti za M-Pesa za malipo ya anwani ya ukurasa kwa miaka yote, bila maneno.

Uchambuzi

Kwa kusikiliza mazungumzo ungedhani ugomvi ulikuwa wa pesa. Mimi sidhani. Elfu ishirini kwa kichwa isingewagawanya watu waliokuwa wakichangiana matanga na karo bila kuulizana. Kilichouzwa ni jina. "Wanablogu wa Kisumu" lilikuwa limejengwa na orodha ya madarasa makavu, na ndege wa Kakamega, na mama wa samaki, na yule wa bodaboda anayesoma aya ya tatu. Wakala aliliona kuwa mali kabla wenyewe hawajaliona hivyo. Na kwa kuwa hakuna aliyejua ni mali, hakukuwa na kanuni ya nani anaweza kulikodisha. Jakom hakuiba. Alitoa kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwambia si chake.

Hapa ndipo pingamizi lake lilipo. Anasema namtetea kwa namna inayomdhalilisha: alijua vizuri kwamba jina ni la wote, na alinuia kugawa malipo ya pili kwa kundi zima. Huenda ni kweli. Hakuna maandishi yanayoonyesha hivyo, wala yanayoonyesha vinginevyo, na ukimya wake wa wiki tatu ulifanya nia yake isiweze kumsaidia.

Kilichofaa zaidi ni ile safari ya ufuoni. Ilifaa kwa sababu ilikuwa kanuni yao ya zamani ikifanya kazi mahali papya: soma sentensi, useme la kusema. Hawakuhitaji kujifunza uandishi wa habari. Walihitaji kumsoma mwenzao wakati yuko hatarini kwa ukali ule ule wa siku za chai. Na masahihisho yaliyowekwa juu yaliinyang'anya barua ya wakili meno yake, kwa kuwa hoja iliyobaki ndani ya makala ilikuwa ya kweli na ina mashahidi.

Lakini ilichelewa. Wasomaji watatu walioichagua makala ile kuwa bora ya mwezi walipaswa kuuliza habari ya mfereji kabla ya kuipandisha. Hawakuuliza. Nikirudi nyuma kwenye mazungumzo naona sababu: tangu katikati ya 2021 maoni yalikuwa yamekwisha kuwa vidole gumba na "moto sana". Wengine walikuwa wamehamia Facebook na TikTok, blogu zao zimeota nyasi, na walisoma wenzao kwa kuonea aibu tu. Usomaji ulikuwa umechoka kabla pesa haijafika. Pesa ilikuta mlango umeegeshwa.

Kutenganisha matangazo na kikao kulileta utulivu, ila kuna ujanja ndani yake. Ni rahisi kusema jina halitaguswa na pesa wakati kuna mtu mmoja anayelilipia kimya kimya. Yule mwandishi wa mapishi alikuwa amebeba gharama ya kundi zima kwa miaka, akapewa nafasi ya kupata chochote kutokana nalo, na mara ya kwanza alipokipata akaambiwa amelichafua. Kwenye vikao vyote vitatu vya kelele hakuna aliyetaja gharama ya anwani, nami sikuiuliza kwa sababu sikujua ipo. Uamuzi ule ulilinda jina dhidi ya mtu wa nje na ukamwacha nje aliyelitunza.

Hali ilivyo sasa

Kundi lina watu tisa. Wanakutana kila baada ya miezi miwili, na kanuni ya makala mbili imerudi. Gharama ya ukurasa hugawanywa sawa kila Januari. Walikubaliana pia kumrudishia mwandishi wa mapishi pesa zake kwa awamu. Awamu ya kwanza ilitumwa kwenye simu yake; aliirudisha siku hiyo hiyo. Kundi limeamua kuituma tena, safari hii mwalimu aipeleke kwa mkono, na kama ataikataa bado haijaamuliwa itafanyiwa nini.